Ni nini kilichoondoa mguu wa mpwa wangu: sumu ya kifutu, kamba ya tyubu au kuchelewa?

#1 Mjomba wa Chekereni
Habari zenu wakuu. Nina swali linaloninyima usingizi tangu mwezi wa nne, na humu najua kuna matabibu, wafugaji na wakulima wenzangu.

Mpwa wangu ana miaka 19. Usiku wa zamu yetu ya maji alikwenda kufungulia mfereji shambani, huku kwetu Chekereni, chini ya Moshi. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Kavaa kandambili. Simu ilikuwa na chaji kidogo, akazima tochi ili ibaki ya kupigia. Pale kwenye tuta akakanyaga kitu laini, kinene, na kabla hajanyanyua mguu akawa keshaumwa juu kidogo ya kifundo. Anasema alisikia sauti kama tairi linalotoka upepo.

Hiyo ilikuwa kama saa nne na nusu usiku. Nyumbani akafungwa chini ya goti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akachanjwa kwa wembe, likabandikwa jiwe jeusi. Saa mbili asubuhi tukafika zahanati, dawa hakuna. Saa sita mchana tukawa hospitali mjini. Akadungwa dawa ya sumu ya nyoka, chupa mbili. Siku ya tisa wakamkata mguu.

Nesi mmoja alisema kamba ndiyo iliyoua mguu. Jirani anasema bila kamba tungekuwa tumezika. Daktari aliyemkata alisema neno moja tu: mmechelewa. Nani yuko sahihi?

#2 Fundi Majengo
Pole sana mkuu, na dogo apewe pole. Huyo nyoka mlimuua? Picha ipo?

#3 Mjomba wa Chekereni
Hatukumuona. Wenzangu walirudi na tochi wakakuta alama tu kwenye tope. Kwa sauti ile na unene ule kila mtu alisema kifutu.

#4 Mzee wa Kihamba
Nakupa pole mwanangu. Mimi nasema kamba ilimuokoa. Mwaka 1978 mdogo wangu aliumwa kwenye kahawa, Kibosho. Tulimfunga kwa kamba ya mgomba, tukamwekea jiwe, jiwe likang'ang'ania mpaka likashiba na kudondoka lenyewe. Yupo hadi leo, ana wajukuu. Sumu ikifika kwenye moyo hakuna daktari. Nesi anayelaumu kamba ni kijana, hajaona watu waliokufa bila kufungwa.

#5 Tabibu wa Zamu
Shikamoo Mzee #4. Pole Mjomba. Nimefanya kazi vituo vya tambarare miaka kumi na moja, niruhusuni niandike kwa kirefu.

Sumu za nyoka si kitu kimoja. Ya koboko hukimbilia mishipa ya fahamu. Mtu hulegea, hushindwa kumeza, mwisho hushindwa kupumua. Ya kifutu hula nyama palepale ilipoingia. Hutoboa kuta za vishipa vidogo, maji na damu vikavujia kwenye nyama. Mguu huvimba saa kwa saa, ukabonyeza unahisi ubao. Yanakuja malengelenge, mengine yana maji, mengine yana damu. Ngozi inakuwa zambarau, halafu nyeusi. Maumivu yake mgonjwa hawezi kuyavumilia hata ukigusa shuka.

Sasa ukifunga kamba ya kubana, unaifungia hiyo sumu ndani ya chumba kimoja na nyama inayoliwa, na unaizuia damu safi isifike. Mguu uliozibwa damu kwa saa nyingi hufa hata kama hakuna nyoka aliyeuma. Kwa hiyo nesi ana hoja nzito. Lakini siwezi kusema kwa yakini kwamba ni kamba peke yake, maana nimeona miguu isiyofungwa kabisa ikioza kwa kifutu.

Nina maswali mawili. Kamba ilikaa saa ngapi? Na ilibana kiasi gani?

#6 Mjomba wa Chekereni
Ilikaa mpaka hospitali. Kama saa kumi na tatu. Lakini tulikuwa tunailegeza kila baada ya nusu saa, kisha tunaikaza tena. Ilibana hadi mpira ukazama kwenye ngozi kwa sababu mguu ulikuwa unavimba juu na chini yake.

#7 Mzee wa Kihamba
Tabibu #5, kwa heshima. Unasema koboko analegeza mwili. Basi huyo si ndiye wa kufungwa kamba? Na usiku huo nani angejua ni koboko au kifutu?

#8 Mama Kisongo
Mzee #7 umegusa penyewe. Shemeji yangu aliumwa na koboko, upande wa Monduli, akichunga. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akaomba maji, maji yakatokea puani. Baada ya muda kope zikaanguka. Akasema anaona watu wawiliwawili. Mate yakawa yanamtiririka. Halafu akanyamaza, tukadhani amekwenda. Mama mkwe akaanza kulia kilio cha msiba.

Hospitalini walimpulizia pumzi kwa mfuko wa mkono, wakipokezana, usiku kucha, huku dawa ikiingia. Siku ya tatu alipoweza kusema alituambia alisikia kila kitu. Alisikia mama yake akitafuta shuka la kumfunikia. Alikuwa ndani ya mwili wake, anashindwa kufungua jicho.

Naomba kila anayesoma hapa ashike hili: mtu wa koboko akilegea usimfunike. Mpulizieni pumzi na mkimbie naye.

#9 Mdau wa Ngaramtoni
Koboko ni hatari jamani, mweusi tii, anakimbia kuliko pikipiki! Na ukimuua mmoja mwenzake anakufuata mpaka kitandani.

#10 Mwongoza Wageni
Ndugu #9, nimetembeza wageni porini kwa miaka mingi, ngoja nirekebishe. Koboko si mweusi. Ana rangi ya kijivu au ya mzeituni. Cheusi ni kinywa chake, akikifunua utaona kama ametafuna wino. Mbio zake hazifiki kilomita 20 kwa saa, tena kwa kipande kifupi, na mara nyingi anakimbilia shimo lake. Ukiwa umesimama katikati yake na shimo ndipo unasema amekukimbiza. Hilo la mwenzake kulipiza kisasi halipo. Wakionekana wawili mahali pamoja, huenda ni msimu wa kupandana.

Kuhusu kifutu, tatizo ni kwamba yeye hakimbii. Anategemea madoa yake yanayofanana na majani makavu, anatulia hata ukipita hatua moja. Wewe ndiye unayemfuata.

#11 Fundi Majengo
#9 bora umeambiwa, maana ulikuwa unataka tuuze pikipiki zetu.

#12 Dada wa Himo
Samahanini, mbona hakuna aliyemtaja swila? Huku Himo swila ni wengi kuliko kifutu. Watu wanamjua kwa kutema mate tu, hawajui kwamba anauma, na akiuma nyama inaoza vilevile. Mama yangu mdogo aliumwa mkononi akiokota kuni. Nyama ya mkono ilikufa vipandevipande, hapa kibaya, pale kizima, mbele kibaya tena. Naye hakufungwa kamba. Kwa hiyo mguu wa kijana unaweza kuwa wa swila, na kamba haihusiki.

#13 Mwongoza Wageni
Dada #12 umesema kweli kuhusu swila. Ila ile sauti ya tairi kutoka upepo ni ya kifutu kabisa. Anajaza mwili hewa, anaitoa kwa nguvu. Swila naye hutoa sauti ya kupuliza, lakini mara nyingi huinua kichwa na kutanua shingo, na kwenye mpunga wa magotini kijana angeumwa juu zaidi. Kwenye kifundo, kwa kukanyagwa, kura yangu ni kifutu.

#14 Dada wa Himo
Gizani nani aliona kichwa? Kura yangu bado kwa swila.

#15 Bibi Siha
Hamjambo wanangu. Kwa wale wa mate ya swila: mjukuu wangu alitemewa macho yote mawili bandani kwa kuku. Mama yake akamkamulia maziwa ya kifua. Alipona. Ni sahihi au tulibahatisha?

#16 Tabibu wa Zamu
Shikamoo Bibi. Mlichofanya kilisaidia kwa sababu kilikuwa kimiminika kisichochoma. Maji safi ndiyo bora, na mengi, mfululizo, dakika kumi na tano au zaidi, ukiwa umemfumbua macho kwa vidole. Maji yakikosekana, maziwa ni afadhali kuliko kukaa bure. Asiweke siki, mkojo wala majani ya kupondwa. Baadaye lazima jicho likaguliwe, kioo chake kikiwa na kidonda mtu anaweza kupofuka. Asisugue.

#17 Mfugaji Longido
Mimi naomba kusema juu ya jiwe. Mzee #4 analisifu, na kwetu pia lipo kila boma. Nimeshuhudia limewekwa kwa watu wengi. Wengine walipona, wengine tulizika. Niliacha kuliamini siku nilipoona limeng'ang'ania kwenye jeraha la mwiba.

#18 Mwongoza Wageni
Jiwe ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Una vitundu vidogo, ukikutana na damu unanata, damu ikikauka linadondoka. Ndiyo huko "kushiba". Sumu wakati huo ipo ndani zaidi. Meno ya kifutu mkubwa yanaingia zaidi ya sentimita moja.

Na kuna jambo linalolipa jiwe sifa ya bure: nyoka wengine huuma bila kutoa sumu. Mtu anaona matundu mawili, anafungwa kamba, anawekewa jiwe, anaamka mzima. Sifa zote kwa jiwe. Inawezekana mdogo wake Mzee #4 alikuwa hivyo. Au aliumwa na nyoka asiye na sumu. Kule juu kwenye migomba na kahawa hao ni wengi.

#19 Mzee wa Kihamba
Mdogo wangu alivimba hadi paja. Usiseme hakupata sumu, wewe hukuwepo.

#20 Mwongoza Wageni
Samahani Mzee, nimekuelewa. Naondoa kauli kuhusu mdogo wako. Ya jiwe naibakisha.

#21 Mwanafunzi Usa River
Kwa nini zahanati zisiwe na hiyo chanjo? Tungechanjwa wote watoto wa shule yakaisha.

#22 Tabibu wa Zamu
Mdogo wangu #21, watu wengi wanaiita chanjo, lakini si chanjo. Haikukingi kabla. Ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa. Farasi hudungwa sumu kidogokidogo mpaka damu yake ijifunze kuipinga, kisha zile kingamwili huchujwa na kuwekwa kwenye chupa. Mfaransa Albert Calmette alianza kazi hiyo miaka ya 1890, na mpaka leo msingi wake ni uleule.

Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, hivyo haidungwi nyumbani wala na mtu asiye na adrenalini ya kuuzima mzio huo mkononi. Nyingi za maji zinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Zahanati yenye umeme wa kukatikakatika itaiwekaje? Na dawa yenyewe inahusu nyoka waliotumika kuitengeneza. Ukileta iliyotengenezwa kwa nyoka wa India, kwa kifutu wetu unadunga maji.

Jambo jingine linalokera watu wa fani yangu. Kulikuwa na dawa nzuri ya Afrika, FAV-Afrique, ya kiwanda cha Sanofi Pasteur cha Ufaransa. Waliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida, chupa za mwisho zikafikia ukomo mwaka 2016. Wagonjwa wa nyoka ni wakulima na wafugaji, hawana fedha za kumshawishi mwenye kiwanda.

#23 Mama Kisongo
Hilo la fedha liandikwe kwa herufi kubwa. Sisi tuliuza ng'ombe wawili usiku, kwa bei ya mnunuzi aliyeona tunalia.

#24 Mfugaji Longido
Upande wa Arusha angalau kuna pale Meserani kwenye bustani ya nyoka, barabara ya Dodoma. Zahanati yao imetibu Wamasai wengi. Huku kwetu mtu akiumwa, neno la kwanza ni "mpelekeni Meserani".

#25 Mjomba wa Chekereni
Nimesoma yote. Ahsanteni. Sasa niseme kitu ambacho sikukisema mwanzo.

Kamba niliifunga mimi. Si mganga, si jirani. Tyubu ilikuwa ya baiskeli yangu, niliikata kwa kisu cha kuvunia. Kijana alikuwa analia, "Mjomba, legeza, legeza," na mimi nikimwambia avumilie, hii ndiyo inakuokoa. Nilikaa naye usiku mzima nikiikaza kwa mkono wangu. Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, lakini kila nikimuona kijana anaruka kwa magongo kwenda chooni, nasikia ile sauti yake.

Ndiyo maana naulizia.

#26 Mzee wa Kihamba
Mwanangu, ningekuwa mimi ningefunga vilevile. Ungekuwa mwanangu umeumwa, ningekufunga hivyohivyo. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotupenda.

#27 Dada wa Himo
Mjomba, pole. Hata mimi ninayebishana hapa ningefunga.

#28 Tabibu wa Zamu
Mjomba #25, nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika. Sitakuambia kamba haikuhusika, ungejua nakudanganya. Lakini hebu tuhesabu pamoja yote yaliyompata kijana.

Kuna sumu ya nyoka mwenyewe. Nyoka mnene aliyekanyagwa kwa uzito wote wa mtu anaweza kumwaga sumu nyingi, na kwa kifutu hiyo peke yake inatosha kuua nyama.

Kuna saa kumi na tatu na nusu. Dawa huikamata sumu inayozunguka, haifufui nyama iliyokwisha kufa.

Kuna chupa mbili. Kwa mguu uliovimba namna hiyo, mara nyingi mbili hazitoshi. Pengine ndizo zilizokuwepo, pengine ndizo mlizoweza kulipia. Na watu wajue hapa: mtoto hapunguziwi dozi, maana nyoka hakumpunguzia sumu.

Kuna ule uvimbe wenyewe. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya magamba magumu. Ikivimba ndani ya gamba, inajibana yenyewe, damu haipiti, hata pasipo kamba. Wakati mwingine madaktari hulazimika kuchana gamba, nako ni hatari kwa sababu damu ya aliyeumwa na kifutu inaweza kugoma kuganda.

Na kuna wembe.

Nikikuambia ni kipi kati ya hivyo kilichochukua mguu, nitakuwa nabahatisha. Kule kulegeza kila nusu saa kunaweza kuwa kuliipa nyama damu kidogo, na kunaweza kuwa kulisukuma sumu juu kwa mafungu. Sijui upande upi ulizidi kwa kijana wako.

#29 Nesi wa Zamani
Nami nimeuguza vidonda hivi. Mjomba, ile harufu ilianza siku ya ngapi?

#30 Mjomba wa Chekereni
Siku ya tatu. Palipochanjwa na wembe kukawa na usaha, wa kijani.

#31 Nesi wa Zamani
Basi mimi naushitaki wembe. Nyama iliyopungukiwa damu ukiichana, umewafungulia vijidudu mlango. Nimeona miguu iliyofungwa kamba ikabaki na vidole vyote, na nimeona mguu usiofungwa, ukachanjwa kwa wembe mchafu, ukaondoka. Na ukichanja mtu ambaye damu yake haigandi anavuja kama bomba.

Nani alichanja?

#32 Mjomba wa Chekereni
Mganga wa jirani. Aliletwa baada ya kamba.

#33 Mdau wa Ngaramtoni
Wakuu, sasa mtu afanye nini akiumwa? Maana kamba hapana, wembe hapana, jiwe hapana. Kuna jamaa yangu wa bodaboda alisema unashika waya wa plagi ya pikipiki, unapigwa shoti sumu inakufa.

#34 Tabibu wa Zamu
Shoti ya plagi usithubutu! Imejaribiwa huko duniani, haiui sumu, inaongeza jeraha la moto na saa zinapotea.

Cha kufanya: mtoe mtu pale nyoka alipo, mkalishe chini, asikimbie. Vua pete, bangili, shanga, kiatu, kabla uvimbe haujavifunga. Mguu uwekewe vijiti au kanga pembeni kama vile umevunjika, usitikisike. Alazwe kwa ubavu, akitapika asipaliwe. Andikeni saa aliyoumwa. Kwa peni, kwenye mkono, kwa sababu njiani kila mtu anasahau. Halafu pikipiki au gari, papo hapo. Mwingine apige simu mbele kuuliza hospitali ipi ina dawa, msizunguke vituo kama alivyozungushwa kijana. Nyoka msimtafute, mtaumwa wawili.

Kama mmeshafunga kamba na imekaa muda mrefu, msiikate njiani kwa hofu baada ya kusoma uzi huu. Ifunguliwe palipo na dawa na mtaalamu, taratibu. Ikifunguliwa ghafla sumu iliyojikusanya inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo.

#35 Mzee wa Kihamba
Bado hukunijibu la #7. Koboko je?

#36 Tabibu wa Zamu
Ni kweli Mzee, samahani. Kwa nyoka wa kulegeza mwili kuna namna ya kufunga bendeji pana ya kuvuta kuanzia vidoleni hadi juu, mguu mzima, mapigo ya damu yakiwa bado yanasikika. Si kamba nyembamba sehemu moja. Na kwa kifutu hata hiyo bendeji haishauriwi. Gizani, kwa nyoka asiyejulikana, kwa mtu aliye dakika chache kutoka hospitali, mimi ningeacha. Kwa aliye porini, mwendo wa saa nane kutoka hospitali, wataalamu wenyewe hawakubaliani.

#37 Mzee wa Kihamba
Basi umekiri kuna mahali pa kufunga.

#38 Nesi wa Zamani
Mzee huyu hakubali kushindwa, na namheshimu kwa hilo.

#39 Mwongoza Wageni
Nikiongezea ya kuchelewa. Kuna nyoka wa mtini, kijani au kahawia, macho makubwa, Makaburu wanamwita boomslang. Mpole, watu wanamdharau. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka wa makumbusho ya Chicago, Karl Schmidt, aliumwa na mtoto wa nyoka huyo. Akarudi nyumbani, akawa anaandika anavyojisikia, akaona ni dogo tu. Kesho yake akafariki kwa kuvuja damu ndani. Sumu yake inaweza kujificha saa nyingi, mtu anacheka, anakula ugali, kisha fizi zinaanza kutoka damu. Kwa hiyo "mbona hajavimba, turudi nyumbani" si kauli ya kuamini.

#40 Tabibu wa Zamu
Hapo #39 umenena. Hospitali isiyo na mashine hupima kuganda kwa damu hivi: damu kidogo kwenye kichupa safi cha kioo, ikae dakika 20 bila kuguswa, kisha unakiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu inafanya kazi.

#41 Bibi Siha
Mimi nyumbani namwaga oili chafu kuzunguka nyumba na kupanda vitunguu saumu. Nyoka hawaji.

#42 Mfugaji Longido
Bibi, mahindi unaweka wapi?

#43 Bibi Siha
Chumbani kwangu, magunia sita.

#44 Mfugaji Longido
Panya wapo?

#45 Bibi Siha
Wapo, wanakimbizana juu ya dari.

#46 Mfugaji Longido
Basi Bibi, shikamoo, toa hayo magunia. Nyoka anafuata panya, oili ataivuka.

#47 Mwanafunzi Usa River
Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 ndipo kuumwa na nyoka kulipowekwa kwenye kundi la kwanza la magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Niliposoma mara tatu ya hao nikamkumbuka mpwa wa Mjomba.

#48 Fundi Majengo
Mjomba, dogo anaendeleaje sasa? Tumebishana juu ya mguu hatujamuuliza mwenye mguu.

#49 Mjomba wa Chekereni
Ahsante Fundi. Yupo hapa pembeni, nimemsomea kuanzia #1. Kwenye kura ya kifutu na swila anasema haijui sura, anaijua sauti tu. Juu ya kamba alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, na mimi ningekufunga."

Kidonda kimekauka. Jumatano tunakwenda hospitali ya KCMC, kwenye kile chuo kinachofundisha kutengeneza viungo bandia, kumpima. Swali lake yeye ni moja tu: mguu wa bandia utaweza kuingia kwenye tope la mpunga?

#50 Nesi wa Zamani
Mwambieni aulize hilohilo siku ya kupimwa, kabla hawajachagua aina. Ile ya plastiki haiogopi maji. India kuna mguu wa Jaipur uliobuniwa kwa watu wanaotembea pekupeku na kulima mpunga, kwa hiyo si swali la ajabu. Ila kisiki kikiloa na kupata mchanga kinachubuka, lazima aoshe na kukausha kila jioni. Asikae na soksi mbichi.

#51 Fundi Majengo
Jumatano nina bajaji, natokea Njia Panda saa moja asubuhi. Nitumie namba kwa ujumbe wa siri, nawachukua wote wawili bila nauli.

#52 Mjomba wa Chekereni
Mungu akubariki Fundi. Nimekutumia.

#53 Dada wa Himo
Mjomba, zamu yenu ya maji sasa anakwenda nani?

#54 Mjomba wa Chekereni
Mimi. Alhamisi usiku, saa tatu mpaka saa nane. Gambuti nimenunua, na fimbo ndefu ya kupigia tuta mbele yangu.

#55 Dada wa Himo
Na tochi?

#56 Mjomba wa Chekereni
Ya kichwani. Betri mpya, na nyingine mbili mfukoni.